Mkeka Ambao Mwalimu Hakuukunja

Ukiwa fundi cherehani pembeni ya stendi ya Buzuruga, unazoea kuwajua watu kwa sauti kabla hujainua kichwa. Kondakta, muuza karanga, mteja anayekuja kulalamika kwamba sketi inambana wakati aliyenenepa ni yeye, wote hao niliwatambua mguu wangu ukiwa bado kwenye pedali. Mwalimu peke yake ndiye aliyenishinda. Alivaa raba nyeupe za kitambaa na alitembea taratibu, nami nilishtukia tu kivuli kimesimama juu ya kazi yangu. "Jamani Mwalimu, utaniua," nilimwambia kila mara. "Shona tu," alijibu. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani kabla sijamwona, na yeye hakuwahi kusema.

Mtaa ulimwita Mama Montesori. Hiyo Montesori ni namna ya kufundisha watoto wadogo aliyojifunza kwa masista, akaanzisha darasa la kwake kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa. Lakini mjue kwetu mwanamke anaitwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo wageni wa mtaa waliamini kwamba huko nyumbani kuna mtoto anayeitwa Montesori. Siku moja mama mmoja muuza nyanya aliniuliza Montesori yuko darasa la ngapi. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano, kisha nikaona kivuli kwenye kitambaa. Mwalimu alikuwa amesikia yote. "Bado mdogo," alimjibu yule mama kwa adabu kabisa, na mimi nikaacha kucheka.

Hakuwa na mtoto. Mume pia hakuwa naye, na katika ndugu sikumsikia akimtaja yeyote ila kaka mmoja wa Kisesa.

Mimi mwenyewe nilikuwa Mama Mapacha. Usukumani mapacha huzaliwa na majina yao tayari, wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, wawe wa kike au wa kiume, na hakuna anayeitisha kikao cha kuyatafuta. Binti zangu walikuwa na miaka miwili na kitu homa ilipomchukua Doto. Baba yao alikuwa ameshakwenda machimboni, upande wa Geita. Alikuja kuzika, akarudi huko huko, zikawa zinakuja salamu, kisha hata salamu zikaisha. Watu hawakujua tena waniite nani. Mama Mapacha haikufaa, Mama Kulwa iliwakwama midomoni, wengi wakaishia kuniita Fundi. Niliumia kuliko nilivyoonyesha.

Na Kulwa naye alikuwa hatembei hatua mbili bila kugeuka kutazama kama mwenzake anakuja. Ukimpa andazi alilimega, nusu akaiweka pembeni. Ukimwita jina lake alisita, kana kwamba bado kuna jina jingine litakalofuata. Hiyo ndiyo shida niliyokuwa nayo wakati natafuta shule. Wenzangu walikuwa wanatafuta Kiingereza. Mimi nilikuwa natafuta mahali ambapo mtoto wangu angeweza kuwa mtu mmoja mzima.

Shule zenyewe hazikuwa haba. Miaka ile kila aliyepunguzwa kazi serikalini akiwa na sebule kubwa alifungua shule ya chekechea. Alipaka ukuta rangi, akachora bata, akajiita Mkurugenzi. Siwezi kuzisema vibaya sana shule hizo, maana mitumba ilikuwa imetuua sisi mafundi, na sare zao ndizo zilizonilisha. Nitazisema kidogo tu. Nilikuwa naingia humo na futi yangu ya kupimia, Kulwa akiwa ameshika gauni langu, na darasa zima linasimama na kupiga kelele, "Gudi moningi, madam." Mtoto mmoja akikohoa, wote wanatazama fimbo iko wapi.

Mkurugenzi wa shule iliyokuwa na wanafunzi wengi kuliko zote mtaani alimpenda Kulwa papo hapo. Aliinama akamuuliza jina. Kulwa akataja. "Ooh, Kulwa. Na Doto yuko wapi? Waleteni wote, mapacha nawapunguzia ada." Hakuwa na nia mbaya, maskini. Nani huku kwetu anasikia jina la Kulwa asiulize la Doto? Shule ya pili mwalimu aliuliza kama Doto amebaki nyumbani, na ya tatu waliuliza kama Doto ni wa kiume. Kila walipouliza, mwanangu aliniangalia mimi nijibu. Nilikuwa nasema "Hayupo," nakunja futi yangu, tunaondoka.

Mwalimu alikuja kwangu kwa kazi, si kwa kutafuta mwanafunzi. Alileta fremu za mbao, ukubwa wa sinia ya chai, akataka kila moja niifunge vitambaa viwili vinavyokutana katikati. Hii iwe na vifungo, hii zipu, hii kamba za kufunga kama za kiatu. Nikamuuliza ni nguo ya nani.

"Hakuna atakayeivaa."

"Sasa vifungo vya nini?"

"Vya kufunga na kufungua."

Nikasema moyoni, huyu dada wa watu amechanganyikiwa. Lakini kazi ni kazi, nikashona. Aliporudi kuzichukua, Kulwa alikuwa chini ya meza ya cherehani na moja ya fremu hizo mapajani. Mwalimu akakaa chini, kwenye vumbi la stendi, na gauni lake safi. Akafungua kifungo kimoja, taratibu mno, halafu akamrudishia fremu. Kulwa akajaribu cha pili, kikamshinda. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Mwalimu akauweka mkono wake juu ya wangu, mzito kuliko nilivyotegemea, akauacha hapo.

"Anaitwa nani?"

"Kulwa."

Nikasubiri lile swali. Nilikuwa nimeshalitayarishia jibu.

"Kulwa," akamwambia mtoto, "ukimaliza vyote nirudishie." Akavuta kigoda, akakaa. Mwanangu alishinda na vile vifungo mchana mzima na hakugeuka nyuma hata mara moja. Siku ile ndiyo niliyochagua shule, na wala sikuwa nimeiona.

Nilipoiona, niseme ukweli, niliogopa. Chumba cha bati kati ya yale majabali yetu ya Mwanza, madawati hakuna, ubao hakuna, na ukimya ambao sijawahi kuukuta mahali penye watoto. Mmoja alikuwa anachambua dagaa na maharage kwenye vibakuli. Mwingine anapitisha kidole kwenye herufi alizozitengeneza Mwalimu kwa gundi na mchanga wa ziwani. Wengine wawili walikuwa wanamimina maji kutoka jagi hadi jagi, jagi hadi jagi. Hayo maji ndiyo yaliyowatia wazazi wazimu. Ziwa lote lile liko chini ya macho yetu, lakini bombani ni foleni na dumu unanunua, halafu mtu unalipa ada mwanao akachezee maji na kufagia sakafu. "Kufagia si hata kwangu angefagia?" baba mmoja alilalamika.

Kubwa zaidi lilikuwa salamu. Mgeni akiingia, hakuna mtoto aliyeinuka. Mwalimu alikuelekeza kwa kidole kigoda cha karibu na mlango, ukae, mikono yako nyuma. Mtoto akimaliza kazi yake alikuja mwenyewe, akapiga goti, shikamoo, marahaba, akarudi. Asipomaliza haji. Mzee mzima huku kwetu aingie chumba kilichojaa watoto asiamkiwe? Hilo ni tusi. Nimeona babu mmoja akiondoka amevimba, anasema watoto hawa hawana adabu. "Wana kazi," Mwalimu alimjibu, na ndiyo ikawa mara ya mwisho kumwona babu yule na mjukuu wake.

Alikuwa mgumu, simpambi. Mama mmoja alipoinama kumvalisha mwanawe kiatu ndani ya lile darasa, Mwalimu alimpiga kofi mkononi, mama mzima, mke wa mtu. Alikuwa mchoyo wa maneno kiasi cha kukera. Ukimuuliza mwanangu anaendeleaje alisema, "Njoo uone." Ukimsifia alisema, "Umemaliza?" Karibu mwaka na nusu tulizungumza mlangoni tu, mimi nimeshika mwimo huu, yeye mwimo ule, na si darasani tu. Nilipompelekea fremu nyumbani kwake, chumba kimoja cha kupanga, alizipokelea mlangoni vile vile.

Lakini mchana wa Jumapili mwanamke huyo huyo alikuwa anafungulia redio mpira mpaka unasikika nyumba ya tatu. Alimtukana refa. Alimfundisha golikipa kazi yake, kwa sauti, peke yake chumbani, na timu yake ikifunga tulisikia akipiga makofi. Mtaa ulicheka. Mimi nilikuwa nasikiliza baada ya mpira kwisha, namna redio ilivyozimwa na kukawa kimya ghafla, na kimya kile nilikifahamu kwa sababu na kwangu kilikuwepo.

Tena, yeye ambaye hakutaka mtoto asaidiwe chochote, ilipofika saa ya kwenda nyumbani alikuwa mtu mwingine. Mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kufika, kwa sababu ya kazi. Nilikuwa namkuta anamfunga Kulwa sweta. Mtoto aliyeweza kufunga vifungo vyake tangu mwezi wake wa kwanza pale, Mwalimu anamfunga kimoja kimoja, hana haraka, anaupiga pasi mkunjo kwa kiganja. Nikiomba radhi kwa kuchelewa alisema, "Hujachelewa." Nami mjinga nilidhani ananistahi.

Sasa niseme habari ya mkeka. Katika darasa lile kila mtoto alifanya kazi yake juu ya mkeka mdogo wa ukindu. Anautoa kwenye kapu, anautandika, anafanyia kazi, anaukunja, anaurudisha. Hakuna wa kuukanyaga mkeka wa mwenzake, na aliyeutandika ndiye anayeukunja. Sheria za chumba kile zilikuwa chache na hiyo ndiyo ilikuwa kubwa. Kulwa, tangu siku ya kwanza, alitandika mikeka miwili. Wa kwake, na mwingine pembeni yake, mtupu. Akipanga shanga, nusu alizihamishia kule. Akimaliza alikunja wake, kisha akakunja na ule mwingine, taratibu.

"Mwalimu, umeona mkeka ule?" nikamuuliza mlangoni.

"Nimeuona."

"Nimwambie aache?"

"Hapana."

Hakuniuliza ni wa nani. Aliwafundisha tu watoto wengine kuuzunguka, kama wanavyozunguka mkeka wa mtu yeyote, nao wakauzunguka miezi kwa miezi bila neno.

Watoto hawana siri. Mama mmoja mwenye duka la vipodozi pale stendi alikuja kumchungulia mwanawe akaona wanapita kwa adabu kando ya mkeka usio na mtu. Nyumbani akauliza. Mwanawe akamjibu, "Pale ni pa Doto." Na Doto alikufa, kila mtu anajua. Kabla wiki haijaisha habari ilikuwa imefika mpaka Nyegezi kwamba kuna shule Buzuruga wanatandikia wafu. Yale mengine yaliunganishwa haraka: mwanamke hana mtoto, watoto wa watu wakiingia kwake wanakuwa kimya, hata wageni hawawaamkii. Eti amewafunga midomo. Nyinyi mnajua huku kwetu maneno ya namna hiyo yanaweza kumfikisha wapi mwanamke asiye na mtu.

Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto, leo huyu, kesho wale. Waliwapeleka kwa Mkurugenzi, na kwa kuwa kwa Mkurugenzi ni lazima sare, walikuja kwangu kupimwa. Niliwapima mabega watoto wale mmoja mmoja, nikijua wanatoka wapi na kwa sababu ya nani.

Nikamwendea. Darasa lilikuwa limekwisha, alikuwa anafuta vitu vyake vya mbao. Nikamwambia, "Mwalimu, namwondoa Kulwa. Au nitamkataza mkeka ule leo hii. Shule yako inakufa."

"Ukimkataza ataukunja kwa ajili yako."

"Si atakuwa ameukunja?"

"Kesho atautandika mahali ambapo hatutauona."

"Basi ukunje wewe, useme mbele ya wazazi kwamba jambo hilo limekwisha. Unapoteza watoto wako wote kwa ajili ya wangu mmoja."

"Si watoto wangu," alisema. Alisema kwa kawaida tu, lakini akageuka akaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilitaka kumshika bega, nikaogopa. Sikumwondoa Kulwa, na Mwalimu hakuugusa ule mkeka. Wengi walisema baadaye kwamba Mwalimu hakuwapenda watoto, na nimegombana na watu kwa sababu ya neno hilo.

Wakabaki watoto wachache sana, hata chumba kikaonekana kikubwa. Asubuhi moja ya mvua nilijibanza pale kigodani kungoja ikatike. Kulwa akaenda kwenye kapu, akatoa mkeka wake, akautandika. Akarudi kapuni. Akasimama akilitazama kwa muda, mkono ukiwa ndani. Kisha akautoa mkono mtupu, akaenda kukaa, akaanza kazi. Hiyo ilikuwa yote. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu akatoka nje, na nilipomfuata nilimkuta nyuma ya ukuta amelowa, anajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Vumbi," akaniambia, na mvua ilikuwa inanyesha. Jioni Kulwa aliniambia mwenyewe, akinywa uji, "Mama, Doto hasomi." Nikamjibu ndiyo, hasomi. Nililia pale pale, yeye akaendelea na uji wake.

Wale walioondoka hawakurudi. Kulwa alipoanza darasa la kwanza, darasa la Mwalimu lilikuwa limeshafungwa na chumba kikawa stoo ya viti. Yeye alihamia Kisesa kwa kaka yake, bila kuaga, maana kuaga kungemlazimu aongee. Mtaa ukamsahau upesi. Mkurugenzi akajenga ghorofa.

Miaka ikapita. Likizo moja Kulwa alikwenda kwa shangazi yake Magu, akiwa binti anayejua kujipangia sanduku lake na kunikumbusha mimi nisisahau kufunga mlango. Jumapili niliamka nikaona nyumba imekuwa ndefu. Nilipika, nikala nimesimama. Nikajiuliza ni nani katika mji huu ninayeweza kwenda kwake bila kupeleka nguo iliyoshonwa, nikamfikiria huyu na yule, nikajikuta barabarani natafuta gari la Kisesa.

Haikuwa vigumu kumpata. Alikuwa na chumba cha uani kwa kaka yake, lakini kaka alishafariki na vijana wake waliobaki nyumba ya mbele walinionyesha kwa kidole tu bila kuinuka. Alikuwa amepungua mwili, nywele zimekuwa nyeupe. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akanitazama, akanitambua. Kisha akachungulia nyuma yangu.

"Umemleta nani?"

"Sijamleta mtu, Mwalimu."

"Mtoto yuko nje?"

"Hakuna mtoto. Kulwa ni mkubwa sasa, yuko Magu."

"Mimi sifundishi tena," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Kama ni nafasi, sina."

"Sitafuti nafasi. Nimekuja kwako."

Akashika mwimo wa mlango. Nilimwona akilipokea neno hilo na kukosa pa kuliweka. Maisha yake yote mtu aliyekuja kwake alikuja na mtoto mkononi, na alipoondoka aliondoka na mtoto. Nami nilikuwa mmoja wao. Sikuwa nimewahi kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

"Karibu ndani," akasema.

Ndani kiti kilikuwa kimoja. Tulikitazama wote wawili, yeye akaona haya, akanikalisha hapo kwa nguvu, akageuza ndoo akaikalia. Hakujua mgeni anaulizwa nini. Aliniuliza cherehani inaendeleaje, nikamwambia. Aliniuliza stendi inaendeleaje, nikamwambia pia. Kisha akaniambia bila kunitazama kwamba siku nyingine huwa anazungumza na redio, si kuisikiliza, kuzungumza nayo, na kwamba vijana wa mbele wanamcheka. Nikamwambia mimi nazungumza na cherehani. Akaniangalia aone kama namdhihaki. Akaona simdhihaki, akacheka, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimewahi kuusikia mcheko wake.

Akaanza kuongea. Aliongea kuhusu masista, kuhusu mama yake, kuhusu mchumba mmoja ambaye yeye alimkataa kwa sababu alikuwa anapiga kelele, kuhusu marefa. Jua likahama ukutani. Barabarani gari likapiga honi, ndefu, halafu tena, akanyamaza katikati ya neno na kuitazama miguu yangu.

"Jumapili hilo ndilo la mwisho," akasema.

"Nimelisikia, Mwalimu," nikamjibu, nikavua viatu.